Mwizi wa Jumamosi

Kila Jumamosi mchana walimuua, na kila Jumapili asubuhi aliwapikia mayai. Sisi watu wa shamba lile tuliona mambo hayo kwa miaka. Sitawaambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani; hayo ni ya watu wake. Mimi nilikuwa mama wa kufua nguo kwenye nyumba ya wazungu, juu ya vilima vya Mushaki, pale walipolima pireti, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Yeye alikuwa mupishi. Tulimuita vile tu, Mupishi, na wazungu nao vilevile.

Alikuwa muntu wa musitu, kutoka upande wa Mubi, kule Walikale, na baridi ya kwetu Masisi aliichukia waziwazi. "Huku Mungu alisahau kufunga mulango," alikuwa anasema asubuhi, gunia mabegani, akipuliza moto. Na ng'ombe! Muntu aliyewinda nguruwe wa pori kwa wavu na mukuki, akiona ndama anazunguka uzio mzima. Tulimucheka sana. Akatujibu: "Munyama mwenye haogope muntu, huyo iko na shauri. Mimi simuamini." Alisema hivyo na uso mukavu kabisa, kisha akaenda zake kumenya viazi.

Jikoni alikuwa mukali kama pilipili. Chumvi aliitoa kwa ncha ya kisu, hata kwa sisi wenzake. Mimi na yeye tuligombana juu ya maji ya moto kila siku ya Mungu.

"Dada, maji ya moto iko ya supu. Haiko ya mashati."

"Na Bwana akikaa mezani na shati chafu, supu yako itamushuka?"

"Itamushuka. Supu haiangalie kola."

Jumapili tulikaa benchi moja kanisani, tukapeana mukono wa amani, na Jumatatu tukaanza upya. Kuimba aliimba kwa nguvu, nyuma ya wengine mustari muzima, na hakuna aliyeweza kumuharakisha. Alikuwa mukristo wa kweli, alifunga macho na kuombea hata chungu cha maharagi. Lakini mambo ya kwao hakuyaacha. Kuna nyama hakuigusa, kuna miti hakuichoma, na chakula cha wazungu hakukionja hata mara moja. Alipika kwa kunusa. "Pua haidanganye," alisema. "Ulimi njo muongo, ndio unadanganya."

Sasa nije kwenye ile bastola.

Mwaka mumoja kulitoka maneno ya fujo huko musituni. Watu walichoka na kodi na kazi ya lazima, wakagoma, askari wakapelekwa, na yaliyowapata watu wale wazee wetu waliyasema kwa sauti ya chini. Kwetu vilimani hapakuwa na kitu. Hata kuku hakuibwa. Lakini wazungu waliingiwa na woga, na Bwana akamununulia Madamu bastola, nyeusi, fupi, ya kukaa mukononi mwa mwanamuke. Madamu aliiweka kwenye kikapu chake cha nyuzi, chini ya sufu aliyofumia kofia za watoto wetu. Ndiyo, kofia za watoto wetu! Siwezi kumusingizia. Kinini ya malaria alitupatia, kofia alitufumia, na chini ya kofia aliweka masasi, risasi za bastola.

Bwana akasema silaha bila mazoezi haina faida. Akatuita sisi wa kazi za nyumbani, akatupanga mbele ya barza ya nyumba, akatuangalia mumoja mumoja kama muntu anayechagua mbuzi. Akamunyooshea Mupishi kidole. "Wewe. Wewe ni wa musitu. Utakuwa mwizi."

Sikieni hapo. Muntu aliyekuwa anamulisha asubuhi, mchana na magharibi. Muntu aliyeshika funguo za ghala na hakikupotea kijiko. Kwa sababu ya alikotoka tu, akavikwa wizi mbele yetu wote, na akasema, "Ndiyo, Bwana."

Basi ikawa kila Jumamosi, baada ya kugawiwa posho. Madamu alikaa kwenye kiti kule kwenye majani, mbele ya nyumba, kikapu magotini, anafuma. Bwana alifungua bastola, akaizungusha, akaonyesha hakuna sasi ndani, akaifunga, akairudisha chini ya sufu. Mupishi alifichwa nyuma ya pipa la maji na panga la jikoni. Bwana akipunga mukono, Mupishi anatoka, anamuendea Madamu. Madamu anapaswa kuacha sindano, kuingiza mukono, kuchomoa, kusimama, kurudi nyuma hatua, kunyoosha mukono, kusema "Simama!" na kufyatua. Tak! Bwana alikuwa nyuma yake, anamushika kiwiko, anamusukuma miguu kwa kiatu. "Miguu! Mabega! Usiangalie bastola, muangalie muntu!" Na sufu ikinasa kwenye ile bastola, basi wanaanza tena, na Mupishi anarudi nyuma ya pipa.

Siku za kwanza Bwana alikasirika kwamba mwizi iko kimya. "Piga kelele! Mwizi anapiga kelele!" Mupishi hakujua wezi wanasema nini. Akatoka nyuma ya pipa na panga juu, akipiga kelele ile aliyoizoea: "Supu! Supu ya moto! Pisha!" Sisi kwenye kamba za nguo tulianguka kwa kicheko. Madamu naye alicheka mpaka machozi. Bwana peke yake hakucheka.

Baadaye walitia masasi ya kweli, Mupishi akaondolewa, Madamu akapiga mikebe ya maziwa iliyopangwa kwenye uzio. Mikebe ilikuwa na usalama wake, niwaambie. Kilichokufa siku moja ni nguo ya kulalia ya Bwana mwenyewe, niliyokuwa nimeianika mbali kabisa. Sasi lilipita chini ya kwapa. Niliishona kwa uzi wa kikapu kile kile.

Halafu, jamani, saa ya chai. Mupishi alinawa mikono, akavaa eproni, akaleta keki. Madamu aliyetoka kumulenga kifuani akakata kipande, akala, akalamba kidole. Hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko bastola. Kama unamuogopa muntu, unakulaje mukononi mwake? Angetaka kuwamaliza, chungu kilikuwa chake, chumvi yake, kisu chake, tangu asubuhi. Hawakumuogopa hata kidogo! Walitaka tu sura ya kulenga, na sura yake ilikuwa karibu.

Nilimuambia hivyo siku moja, ninapiga pasi kwa hasira.

"Kaka, wewe hausikie haya?"

"Kazi ni kazi."

"Kazi gani ya kuuawa?"

"Sijauawa. Inalia tak. Na tena, dada, wewe haujaona namna ninatembea? Leo nilifika karibu kabisa kabla Madamu hajanisikia. Miguu ya muwindaji hiyo!"

Mnaona? Alijivuna! Muntu anakasirika kwa ajili yake, yeye anajisifu kwamba ni mwizi hodari. Sikumusemesha mpaka kesho yake. Na alimupenda Madamu, hilo nalo niliseme. Wakati Bwana alikuwa kwenye safari na Madamu akashikwa na homa kali, Mupishi njo alikaa mulangoni mwa chumba, anabadilisha vitambaa vya maji, anamupikia uji, anaomba rozari. Mimi nilikuwepo. Madamu aliweweseka na kuita, "Mupishi, Mupishi, usiende." Na hakuenda.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolikataa. Kuanguka.

Bwana aliona Madamu akifyatua mara moja tu, mukono unalegea, anacheka. Akasema hawezi kuamini mazoezi mpaka aone muntu anaanguka. "Ukisikia tak, anguka. Lala chini, usitikisike." Mupishi aliweka panga chini, akavua kofia.

"Hapana, Bwana. Wizi, nitafanya. Kulala kama maiti, siwezi."

Bwana alimupiga kofi. Akamukata posho ya chumvi na mafuta. Wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, inalia tak, na Mupishi anabaki amesimama, panga mukononi, anangojea kuambiwa arudi nyuma ya pipa. Nilimuuliza sababu. Alinielezea polepole, kama muntu anayeelezea mutoto kwamba moto unaunguza.

"Kwetu, muntu akilala mbele ya silaha na watu wakaona, wakalia kilio, huyo amekufa. Haijalishe anapumua. Kilio kikishatoka hakirudishwe mudomoni. Moto wa nyumba yake wanazima, bibi yake wananyoa kichwa. Mimi niko na bibi kule, mwenye nilimuoa. Niko na binti. Nitacheza na hiyo?"

Sisi Wahunde wa vilimani hatukuwa na jambo hilo kwa namna ile, lakini nilielewa. Kuna vitu haviigizwi. Na nilimuheshimu kuanzia siku ile, ingawa maji ya moto hakunipa.

Halafu binti yake akaposwa, kule kwao. Habari ililetwa na dereva wa kamyo iliyobeba pireti yetu, muntu wa njia, aliyekuwa anashuka mpaka Walikale mara nyingine. Siku ya harusi ilipangwa. Kwa watu wa Mupishi, baba njo anamushika binti mukono, anamutoa kwa mulango wa mbele, anamutemea maji ya baraka. Akiwa hai na asifike, ni matusi kwa pande zote mbili. Mupishi alibadilika. Alianza kuimba na wengine kanisani kwa wakati mumoja. Alinipa sufuria nzima ya maji ya moto, bila kuombwa, akaniambia, "Fua, dada, fua."

Lakini siku zile muntu mweusi hakutoka kwa muajiri bila karatasi ya njia. Ukikamatwa bila karatasi, ni gereza na kiboko. Na karatasi ilisainiwa na Bwana.

Jumamosi ile nilikuwa karibu, ninakunja mashuka. Mupishi aliomba karatasi kwa adabu, mikono nyuma. Bwana aliitoa mufukoni, ilikuwa imeandikwa tayari, imebaki sahihi tu. Akaiweka juu ya kikapu cha nyuzi.

"Leo utaanguka," akasema. "Ukianguka, ninasaini."

Mungu wangu! Kwa karatasi ya kwenda kumubariki mutoto wake! Nilimuangalia Madamu, nikasema moyoni, wewe uko mama, sema neno. Madamu alinyoosha sketi yake, akaweka mukono kwenye kikapu, akangoja.

Mupishi alikwenda nyuma ya pipa. Alikaa huko muda. Akatoka, hakukimbia, hakupiga kelele ya supu wala ya kitu kingine. Madamu akachomoa, akasimama, akarudi nyuma vizuri, akasema "Simama!" Tak. Na Mupishi akainama, akalaza panga kwenye majani taratibu kama muntu anayelaza mutoto, akalala ubavu, akanyoosha miguu. Macho hakuyafunga. Alikuwa anaangalia majani.

Madamu akapiga makofi. Bwana akasema bravo.

Na huko juu, kwenye pireti, wanawake waliokuwa wanachuma maua walikuwa wameona bastola, wameona muntu anaanguka, hatikisike. Walizoea kumuona anabaki amesimama; wangejuaje? Mumoja alipasua kilio, wote wakapokea. Kilio cha wafu, kile cha kushika kichwa, kikashuka kilima kizima. Mimi nilirusha mashuka nikakimbia nikipunga mikono, "Hapana! Iko muzima! Nyamazeni!" Walinyamaza nikiwa nimeshachelewa. Kamyo ilikuwa inateremuka barabarani, yule dereva ametoa kichwa nje. Alikuwa ameshauliza wachumaji, wakamuambia walichoona, akaenda nacho Walikale.

Mupishi aliinuka, akajipangusa, akachukua karatasi. Kesho yake aliwapikia mayai, kisha akaondoka kwa miguu.

Yaliyofuata aliniletea yule yule dereva, baada ya miezi kupita, ameinamisha kichwa, kwa sababu naye alikuwa na sehemu yake. Mupishi alifika kwao akakuta moto wa nyumba umezimwa, bibi yake amenyolewa, na mudogo wake ndiye aliyemushika binti mukono na kumutoa kwa mulango wa mbele, siku iliyotangulia, harusi ikiwa imeharakishwa kwa sababu ya kilio kile. Walipomuona njiani walikimbia. Walipomugusa wakajua ni yeye, anapumua. Wazee wa ukoo wakakaa. Wakasema: kilio kilitoka, hata yeye mwenyewe anakubali alilala. Aliyemulaza njo atamuamusha. Huyo muzungu mwenye alifyatua aje amuite kwa jina lake, naye ajibu "niko". Bila hiyo, jina lake lisitajwe, apite mulango wa nyuma, asile chungu kimoja na watu, na binti yake asipokee maji ya baraka mukononi mwake.

Alilala chini ili awe baba kwa siku moja, na kulala kule njo kukamunyang'anya ubaba. Ebu mniambie kama kuna bastola inayopiga kushinda hiyo.

Nilikwenda kwa Madamu. Sikuomba ruhusa, nilipanda barza na mikono ya sabuni. Nilimuelezea yote, kwa upole, nikamuambia kamyo inaweza kumufikisha Mubi na kumurudisha, au kama hawezi, amuite hata kwa kinywa changu, nitaenda kulisema mbele ya wazee. Neno moja tu. Alinisikiliza, uso ukawa mwekundu.

"Lakini ilikuwa muchezo," akasema. "Haikuwa na sasi."

"Ndiyo, Madamu. Muite tu."

Akafikiri. Akafuma kidogo. Kisha akainua kichwa, na ninaapa alikuwa anataka kusaidia, akaniuliza:

"Anaitwa nani, kwani?"

Keki zote zile. Homa ile. Jumamosi zote zile, anaambiwa amuangalie muntu, anamuangalia! Sikumujibu. Jina la muntu si sukari, kumuongezea mwenye ameomba. Nilishuka ngazi, nikanawa mikono, na mwezi uliofuata mume wangu, aliyekuwa fundi wa matofali, alipopata kazi ya migodi upande wa Walikale, nilifunga vyombo vyangu bila kumuaga muntu.

Hivyo njo nilimuona tena, miaka mingi imepita, mwisho wa miaka ile ya hamsini, Mubi, kando ya barabara. Alikuwa amejenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, anauzia madereva mikate. Amezeeka. Alikuwa bila gunia mabegani, kwa sababu kule joto lilikuwa lake. Aliponiona alifungua mikono.

"Dada! Maji ya moto iko, ya bure!"

Nilicheka nikalia. Bibi yake akaleta kiti. Lakini Mupishi alipotaka kunichukulia sahani, nilimuona anazunguka nyumba nzima, polepole, kwa magoti mabovu, apite nyuma. Mulango wa mbele ulikuwa wazi, hapo hapo. Watoto wa binti yake walikuwa wanacheza kizingitini, hawakumuita kitu.

Aliporudi alikaa, akaniuliza bila kuniangalia.

"Dereva alisema ulimuendea Madamu. Alisema nini?"

Nilimuangalia bibi yake. Bibi akaangalia chini. Nikaona hakuna njia nyingine.

"Aliniuliza unaitwa nani."

Mukate ulikuwa unaungua, nikausikia harufu. Yeye, mwenye pua ile, hakuusikia.

"Hakujua?"

"Hakujua."

"Hata siku ya homa?"

"Aliita Mupishi. Nilikuwepo. Hata siku ya homa."

Nilidhani nimemumaliza. Nilitaka kumushika mukono, nikaona mabega yanatikisika, na nikajua anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajishika magoti, akasimama. "Mama wa watoto," akamuambia bibi yake, "tuma muntu aite wazee. Leo hii. Waambie niko na shauri."

Walikuja magharibi, jua bado liko, wakakaa kwenye vigoda. Alinifanya nirudie mbele yao neno la Madamu, jinsi lilivyo. Kisha akasimama katikati.

"Wazee, mulisema aliyenilaza aniite. Mumesikia. Hawezi, hanijue. Sasa ninauliza. Muntu anaweza kuua muntu mwenye hamujue? Alilaza nani kwenye majani? Alimulaza Mupishi. Hilo iko jina la jiko lao, walinipa wao, na wameliua wao. Mukalizike. Lakini jina mwenye mama yangu alinipa halijafika kule hata siku moja. Halikupika, halikuiba, halikulala chini. Liko hapa hapa Mubi tangu zamani, linangojea muliite."

Wazee walinong'ona, wakabishana mpaka nikatamani kuwafokea. Mukubwa wao, jicho moja limeingia ukungu, akanigeukia.

"Mama, wewe umesikia Madamu akiita hilo jina? Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Papa. Ninaapa."

"Basi," akasema. "Hilo halijafa."

Akamuambia bibi aite. Yule mama alisimama kizingitini, ndani, mikono kwenye mulango, na nywele zake zilikuwa zimeshaota zikawa nyeupe. Alifungua mudomo. Sauti ikatoka, kubwa, mpaka madereva barabarani waligeuka. Aliita jina lile zima, la kwao, lenye la baba ndani yake.

"Niko!" akajibu, na akapita mbele.

Binti yake alikuwa analia jikoni na bakuli la maji ya baraka limeshajazwa.

Wale wazungu wa kilimani bado walikuwa wanakunywa chai, na nilisikia walitafuta mwizi mwingine. Mimi siwasamehe, na padri amechoka kuniuliza. Huyu niliyewaelezea ni Mupishi, na Mupishi alifia kwenye majani ya Madamu. Mwenye jina, kama mnamutaka, nendeni Mubi mkapige hodi mulango wa mbele.